Mlima wa Ng'ambo Ukisogea, Anua

Jumatano, mwezi wa kumi, Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Asubuhi jua kali, saa nane mvua, na sasa jioni hewa imepoa hadi nimevaa soksi. Kanga yangu inachuruzika maji mlangoni. Nywele zinanuka ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, na nimeziosha mara mbili. Shajara yangu, leo nina furaha ya kijinga, ile ya mtu anayecheka peke yake jikoni mpaka jirani anauliza kuna nini.

Nianze na aibu. Furaha itafuata.

Mgeni wa blogu hii, karibu, nikueleze kwa ufupi. Naitwa Zaina. Nilipata bursi, yaani ufadhili wa masomo, nikasoma Uchina miaka minne, nikarudi na lugha yao kichwani na sweta tatu ambazo joto la hapa halizitaki kabisa. Asubuhi nafundisha Kiingereza katika lise, shule ya sekondari, moja ya mjini. Mchana natafsiri. Kwa miaka mingi nilitafsiri karatasi za wafanyabiashara: namna ya kufunga mota kwenye boti, namna ya kusafisha mashine ya kukamua mawese. Kazi ya halali, lakini hakuna mtu aliyewahi kutokwa na machozi kwa uzuri wa mashine ya mawese.

Mwezi uliopita mwenzangu wa zamani wa chuo alinitaja kwa bibi mmoja mhariri huko Ulaya. Bibi huyo anatengeneza kitabu kidogo cha mashairi ya kale ya Kichina, yale ya milima na maji na ukungu, kila shairi na picha yake ya wino ubavuni. Anayataka kwa Kiingereza. Yako thelathini. Alinitumia moja la majaribio, akasema likipita, yote thelathini ni yangu, na jina langu litaandikwa kwenye jalada.

Kwenye jalada! Mimi, mtoto wa muuza ndagala!

Shairi lenyewe lina maneno ishirini tu. Mistari minne, maneno matano kila mstari. Mtunzi hajulikani, jina lilipotea zamani, yamebaki maneno. Ukiyaweka kwa Kiswahili kavukavu, bila nguo wala mapambo, yanakuwa hivi:

Ng'ambo, mlima waja mlangoni.
Mawe yahesabika, miti yahesabika.
Majamvi matupu, ua mtupu.
Kikapu kimoja, mtu hageuki.

Basi. Hakuna zaidi. Hakuna "mimi", hakuna "kwa sababu", hakuna anayesikitika wala anayefurahi. Mwalimu wangu wa kule, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alikuwa akituambia kwamba watunzi hawa waliandika kama wachoraji. Mchoraji wao haijazi karatasi. Anaweka mlima hapa, mti pale, na nafasi nyeupe iliyobaki ndiyo maji, ndiyo wingu, ndiyo kimya. "Ukijaza kila mahali," alikuwa akisema, "umepaka ukuta." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili.

Kisha wiki iliyopita nikaenda kupaka ukuta.

Nikiri vizuri. Mimi huwa na namna yangu ya kufanya kazi. Kichina sikipeleki moja kwa moja kwenye Kiingereza. Kwanza nakipitisha kwenye Kiswahili, kwa mdomo, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale mwaloni, boti za uvuvi zinapotia nanga, ambapo Shangazi Mwajuma anaanika ndagala zake. Yeye anachambua, anatupa vijiti na majani, mimi nasoma. Hata zile karatasi za mota nilimsomea. Mahali anapokunja uso, najua pana uongo. Shangazi hakusoma zaidi ya madrasa, lakini sikio lake halidanganyiki.

Safari hii nilimruka. Nilijiambia shairi ni jepesi, maneno ishirini, ya nini kwenda kukaa kwenye harufu ya samaki? Na ukweli mwingine, ule wa chini kabisa: niliona kazi ya kitabu ni kazi ya meza, ya kikombe cha chai na kitambaa cheupe. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilitupa mbacha wangu dirishani.

Nikakaa mezani siku tatu. Nikaona mlima, nikaona ua mtupu, nikaona mtu anaondoka na kikapu bila kugeuka. Nikasema: utulivu! Huyu ni mtu aliyeuacha ulimwengu na matata yake. Nikashona Kiingereza cha kupendeza. Ukikirudisha Kiswahili, kilikuwa kinasema hivi: mlima mtulivu wa ng'ambo unasogea taratibu hadi kizingitini kwangu, ukinionyesha kwa upole kila jiwe na kila mti wake, majamvi yamelala matupu katika ua uliotulia, na mtu mmoja mwenye kikapu anakwenda zake, moyo umeridhika, hana haja ya kutazama nyuma.

Hesabu mwenyewe ni maneno mangapi ambayo yule mtunzi hakuyasema. Utulivu hakusema. Taratibu hakusema. Upole, kuridhika, yote nimemlisha mdomoni.

Nilituma Jumapili. Jumatatu Bibi Mhariri akajibu. Ameupenda sana utulivu ule. Mchoraji wake amekwisha kuanza picha: ua mweupe kabisa, na mtu wa makamo, mpole, anaondoka na kikapu chake kama mwenye hekima anayekwenda kuishi mlimani. Kontra, yaani mkataba, imeambatanishwa. Nisome, nitie sahihi, nirudishe kabla ya Ijumaa.

Niliruka. Wallahi niliruka chumbani mpaka kitanda kikalia.

Leo baada ya shule nikaswali adhuhuri, nikachukua sufuria ya wali na maharage, nikateremka mwaloni kumpelekea Shangazi chakula na habari. Nilitaka nimwambie mbele ya wenzake. Najua si vizuri kujisifu, lakini wale wanawake wamekuwa wakiniita Mushinwa, yaani Mchina, tangu niliporudi, na kila siku wananiuliza nilikula nyoka wangapi. Siku moja nami nilitaka waseme "hongera".

Nikafika. Shangazi alikuwa amejaza vichanja vyote, na zilizobaki amezimwaga kwenye turubai kubwa la buluu lililotandikwa mchangani. Ndagala za siku mbili, zimekauka vizuri, zinang'aa. Mama Kevini alikuwa pembeni yake na turubai lake. Mama Kevini ni mmoja wa wale waliorudi kutoka Kigoma baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Ana Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, na Shangazi humchokoza kila siku kwamba anaongea kama redio.

Nikainua macho, nikaiona milima ya Congo.

Kwa miezi yote ya kiangazi milima ile haipo. Ng'ambo kunakuwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ziwa linaishia hewani tu. Leo milima ilikuwa hapa. Niliona makorongo. Niliona kipara cha mahali palipoungua, na ukingoni mwake mti mmoja mmoja umesimama. Nilihisi nikinyoosha mkono nitachuma jani. Moyo ukanipasuka kwa raha. Hili ndilo shairi langu! Mlima unakuja mlangoni!

Nikatoa simu. Nikapaza sauti kabisa, "Tazameni mlima! Tazameni uzuri!"

Wakatazama. Wote kwa pamoja, mara moja, kama mtu anayetupia jicho saa ya ukutani.

Kisha pakawa na kiyama.

Shangazi alitupa kisu. Mama Kevini akapiga kelele "Jamani anueni!" na mwalo mzima ukaamka. Mabeseni, vikapu, mafagio, kila mtu anasomba. Mimi nimesimama na simu yangu, napiga picha. Anga juu yangu ni safi, hakuna wingu hata la dawa. Nikafikiri pengine polisi wanakuja.

"Weye Zaina! Unapiga foto mulima na samaki iko inje?" Shangazi alipita mbele yangu na beseni kichwani. Upepo ukaja ghafla kutoka nyuma, kutoka juu kwenye milima yetu, ukainua kona ya turubai na kuikunja juu ya ndagala. Shangazi akaninyooshea kidole. "Kanyaga hapo! Usitoke!"

Nikakanyaga. Miaka minne ya chuo, diploma yenye mhuri mwekundu, na kazi niliyopewa leo ilikuwa kusimama juu ya kona ya turubai. Niliifanya kwa moyo wangu wote. Wao walisomba chini ya miguu yangu, wakipita huku na huku, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kuutazama mlima ule mzuri uliosimama pale kama bibi harusi.

Beseni la mwisho lilipoingia bandani, tone la kwanza likanipiga shingoni. Nilipogeuka nikaiona mvua inateremka nyuma yetu, nyeupe, imekwisha kuifuta michikichi yote ya upande wa Kizuka. Kabla sijafika bandani nilikuwa nimelowa kama kitambaa cha kudekia.

Wakanicheka! Yarabi, walinicheka. Mama Kevini alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia. Shangazi akanifunika kwa kanga yake kavu huku mabega yanamtikisika. Hakuna ndagala hata moja iliyolowa. Zikishakauka zikapigwa na mvua zinalainika na kuvunjika, zinabaki chakula cha kuku, na kazi ya siku mbili imekwenda. Kwa hiyo walikuwa na haki ya kucheka, na mimi nikacheka nao.

Nikauliza wamejuaje, na wingu halikuwepo. Mimi nimefundishwa kama kila mtoto kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Shangazi akaniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtoto wa watu wengine. "Mvua yetu inatoka nyuma," akasema. "Wingu utaliona limekwisha kukufikia. Angalia mbele. Mulima wa ng'ambo ukisogea, anua. Hilo hata mutoto wa kubebwa mugongoni analijua."

Mimi nilibebwa mgongoni pale pale. Nililijua, bila shaka, kisha nikalisahau shuleni, mahali fulani kati ya Kifaransa na Kiingereza.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilikuwa nasikia shairi.

Ng'ambo, mlima waja mlangoni.

Mungu wangu.

Nilisimama. Shangazi akadhani nimeumwa na siafu. Nikawaambia nyamazeni kidogo, nina maneno ishirini nataka myasikie, ya mtu wa Uchina aliyekufa zamani sana. Nikayasema kwa Kiswahili kavukavu, kama nilivyoyaweka hapo juu, kwa sauti kubwa ili yaishinde mvua. Ndilo jambo nililopaswa kulifanya wiki iliyopita.

Nilipofika "mawe yahesabika, miti yahesabika," Mama Kevini akaguna na kusema, "Huyo atalowa." Nilipofika "majamvi matupu, ua mtupu," Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Alhamdulillah. Wamewahi."

Wamewahi! Majamvi ni matupu kwa sababu vilivyokuwa juu yake vimeanuliwa. Ua ni mtupu kwa sababu watu wamekimbilia ndani. Na yule wa mwisho, mwenye kikapu kimoja, hageuki. Mwenye hekima yuko wapi hapo? Aliyeuacha ulimwengu yuko wapi? Ni mtu anayekimbia! Ana kikapu mkononi na mvua inakuja, na nyuma yake umesimama mlima mzuri kuliko wote wa mwaka mzima, na hana nafasi ya kuutazama.

Utulivu wangu wote ukaanguka chini kama sahani.

Nikamuuliza Shangazi swali ambalo lilinitatiza hata nilipokuwa mezani. Kama hakuna aliyegeuka, nani aliuona mlima? Nani alihesabu mawe?

Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa ameanza tena kuchambua ndagala. "Yeye mwenyewe. Aliangalia mara moja, kama sisi. Mutu aliyeanika haangalii mulima mara mbili." Akatupa kijiti. "Huyo muzee alikuwa ameanika kitu."

Shajara, nimesoma vitabu vinene kuhusu mashairi haya. Nimesikia wataalamu wakieleza kwa nini ni mafupi hivi: karatasi nyeupe, kimya, falsafa ya utupu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba shairi ni fupi kwa sababu mtu alikuwa na nafasi ya kutupa jicho moja tu. Maneno ishirini ndiyo yote anayoweza kuyaona mwenye kikapu kabla ya kukimbia. Na katika jicho lile moja akauona mlima mzima, jiwe kwa jiwe, akakaa nao moyoni mpaka alipofika ndani, akajipangusa maji, akaandika.

Nilimbusu Shangazi kwenye paji la uso. Akasema ninanuka.

Nikarudi nyumbani mvua ilipokatika, nikiwa nimeruka madimbwi yote na kuingia katika moja. Na hapa sasa ndipo pana ile aibu niliyoitaja, kwa sababu furaha ilidumu mpaka nilipofungua kompyuta na kuiona ile kontra inaningoja.

Bibi Mhariri aliupenda utulivu. Alinipa kazi kwa ajili ya utulivu. Mchoraji amechora utulivu. Nikimwandikia kwamba utulivu ule niliutunga mwenyewe, kwamba jaribio alilolipitisha lilikuwa na kosa tangu mstari wa kwanza, kwa nini aniamini na mashairi mengine ishirini na tisa? Mimi ningekuwa yeye ningesema murakoze, asante sana, binti, nenda ukasafishe mashine ya mawese.

Na nikinyamaza, nani atajua? Mtunzi amekufa. Wasomaji wa kitabu kile, huko kwao, wanaanika nini? Nguo, pengine, na wana mashine ya kuzikausha.

Nikiri: nilikaa na wazo hilo muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Hata kalamu niliishika. Nilijiambia kitabu kikishatoka, nitarekebisha baadaye, katika toleo la pili. Watu wote wanaodanganya wana toleo la pili.

Kilichonishinda si uaminifu, nisijipake mafuta. Kilichonishinda ni yule mtu mwenye kikapu. Nilimfikiria akikimbia miaka yote hiyo na kikapu chake, amewahi kila kitu, hata jamvi moja halikulowa, kisha anakuja mwalimu wa Rumonge kumwambia msomaji kwamba alikuwa anatembea polepole kwa sababu ana hekima. Nilimwona Shangazi Mwajuma na beseni kichwani, na mtu pembeni anamchora kama bibi aliyepumzika. Angenirushia hilo beseni.

Mficha uchi hazai, basi nikaandika.

Nikamwambia Bibi Mhariri yote. Kwamba mimi ni mtoto wa pwani ya ziwa na nilisahau jambo ambalo watoto wa kubebwa wanalijua. Kwamba hapa mlima ukionekana vizuri hivyo, watu hawaketi kuufurahia, wanakimbia. Kwamba shangazi yangu anasema mtunzi alikuwa ameanika kitu. Nikamwambia kama anataka mtu mwingine wa mashairi yale nitaelewa, lakini shairi hili, tafadhali, asilichape vile nilivyolituma. Nikaambatanisha jipya.

Jipya nilikuwa nimelifanya kwa Kiswahili kwanza, nikiwa nimesimama. Nilisimama makusudi. Nilijiruhusu jicho moja kwa kila mstari:

Mlima wa ng'ambo, huu hapa mlangoni.
Jiwe, jiwe. Mti, mti.
Majamvi hayana kitu. Uani hakuna mtu.
Kikapu kimoja. Hageuki.

Kiingereza chake kikatoka hivyo hivyo, kifupi, kinahema. Cha kwanza kilikuwa na maneno zaidi ya hamsini. Hiki hakifiki ishirini na tano.

Kulikuwa na jaribu moja la mwisho. Nilitaka kuongeza neno "mvua". Neno moja tu, mahali popote, ili msomaji wa mbali asipotee kama nilivyopotea mimi. Nikampigia Shangazi simu kumwomba ruhusa, maana sasa nimempandisha cheo bila yeye kujua. Akauliza, "Yeye aliisema mvua?" Nikasema hapana. "Basi usimusemee." Akakata simu, alikuwa anaivisha samaki wake wa mukeke na mafuta yalikuwa yanaungua.

Nikafuta mvua. Ikabaki nafasi nyeupe. Lakini kwa ajili ya mchoraji nikaandika mstari mmoja chini ya barua, nikasema: shairi halitaji neno mvua, wala picha isiichore, lakini leo kabla ya tone la kwanza niliona kitu. Upepo uliinua kona ya turubai. Pengine kona moja ya jamvi inatosha.

Nikatuma. Nikaenda kuosha nywele, mara ya kwanza. Nikarudi kutazama. Hakuna kitu. Nikaswali alasiri. Nikasahihisha madaftari saba ya darasa la kumi na kuwapa wote maksi nzuri kuliko wanavyostahili. Nikaosha nywele mara ya pili. Kila dakika tano nasema kazi imekwenda, na kila dakika tano, kitu cha ajabu, napata kicheko. Nilikuwa naona ile picha yangu mwenyewe nimekanyaga turubai, simu mkononi, mwanamke msomi kuliko wote mwaloni.

Hata kama kazi imekwenda, nilijiambia, leo nimelisoma shairi. Zile siku tatu mezani nilikuwa nalitafsiri tu.

Jibu limeingia kabla ya magharibi.

Bibi Mhariri amesema alisoma barua yangu, akainuka, akatembea, akarudi akaisoma tena. Anasema anayapenda mashairi haya tangu ujana wake, na shairi hili amelijua kwa utulivu siku zote, na katika nyumba yake hajawahi kuwa na kitu nje ambacho mvua ingekiharibu. Anasema ningenyamaza asingejua kamwe. Anasema kwa sababu hiyo hiyo anayataka mashairi yote thelathini kutoka kwangu, na ananiomba nisilikamilishe hata moja kabla shangazi yangu hajalisikia. Anataka jina la Shangazi liingie kwenye ukurasa wa shukrani, nimwandikie vizuri herufi zake.

Nimepiga kelele. Jirani ameuliza kuna nini. Nimemwambia mlima umesogea, akatoka nje kuanua nguo zake.

Nimempigia Shangazi. Nimemwambia jina lake litaingia kitabuni, kule Ulaya, katika mashairi ya Uchina. Ameniuliza kama Mama Kevini naye ataandikwa, maana ndiye aliyesema "atalowa", na hawezi kuishi naye mwaloni kama yeye peke yake ameandikwa. Nimemwambia nitaomba. "Haya," akasema, "na kesho uje umevaa viatu vya kukimbia. Haya mashairi yako mengine yanaweza kuwa na mvua pia."

Sasa nimekaa mlangoni. Kanga inaendelea kuchuruzika. Mvua imeosha kila kitu, na ng'ambo milima bado iko pale, giza linaingia taratibu kwenye makorongo yake. Nimeitazama mara ya pili, na ya tatu. Leo sina kitu nje, nina ruhusa.

Nilitaka nifunge hapa. Lakini barua ya Bibi Mhariri ilikuwa na mstari wa mwisho ambao sikuuona kwa ajili ya kelele zangu, nimeuona sasa hivi. Ni swali la mchoraji. Amemfuta yule mwenye hekima, anachora mtu anayekimbia. Jamvi lina kona nne, na anataka kujua upepo unainua kona ipi.

Katika maswali yote niliyoulizwa tangu nianze kusoma Kichina, hilo ndilo la kwanza nililolijibu bila kufungua kitabu. Kona ya upande wa milima yetu, nimemwandikia, ile iliyo mbali na ziwa. Najua kwa hakika. Nilikuwa nimesimama juu yake.